Onyo Lililoingia Kwenye Jalada Langu

Niliwahi kuchapa barua ya kunituhumu mimi mwenyewe, na niliichapa vizuri, bila kosa hata la herufi moja. Mkuu wangu wa kazi aliisoma akiwa amesimama, akatia saini, akanirudishia papo hapo kama mpokeaji. Ofisi nzima hapakuwa na mwingine wa kuichapa. Mpaka leo nikikumbuka nilivyohangaika mistari ya ile barua ikae sawa, najikasirikia mwenyewe kuliko ninavyomkasirikia yeye.

Nilikuwa katibu muhtasi Ruangwa, kwenye ofisi ambayo siitaji, miaka ya mwanzoni mwa elfu mbili. Kwetu ni Marambo, upande wa Nachingwea. Kwa ramani si mbali, lakini masika barabara ikishageuka tope zilikuwa kama nchi mbili. Kazi niliianza miaka ya tisini kwa taipureta. Watendaji wa vijiji vyote tulikuwa tukiwaandikia barua ile ile moja, na mimi naigonga upya kwa kila kijiji, Nandagala na wenzake wote, mpaka vidole vinakufa ganzi. Ilipokuja kompyuta nilipelekwa Mtwara kwa mafunzo mafupi, na mwalimu wangu wa huko akanipa kwenye diski programu ndogo aliyoiunda mwenyewe. Unaandika barua mara moja tu. Yenyewe inachukua orodha ya vijiji, inaweka jina na namba ya kumbukumbu, na printa inatema barua moja baada ya nyingine. Kazi ya siku tatu ikawa ya asubuhi moja. Niliitumia zaidi ya miaka mitatu na haikuniangusha hata siku moja. Mkuu alikuwa akileta wageni waione. Alisimama nyuma ya kiti changu akasema, "Hii ndiyo ofisi ya kisasa," utadhani ni yeye aliyekwenda kusoma Mtwara.

Baadaye macho ya mama yakaanza kuingia giza. Haikuwa mtoto wa jicho, ambao wanaweza kuutoa. Ilikuwa presha ya macho, na daktari alinieleza bila kuzunguka kwamba kinachopotea hakirudi na kilichobaki kitaendelea kupungua. Mama alikuwa peke yake na mikorosho yake. Baba alishatangulia, na ndugu zangu wako Dar es Salaam wanatuma salamu. Nikaandika barua ya kuomba uhamisho kwenda Nachingwea mjini ili nimchukue tukae pamoja. Nilitaka jambo moja tu, kuishi na mama wakati bado ananiona. Barua ya namna hiyo haiendi yenyewe. Lazima ipitie kwa mkuu wako, aandike maoni yake, ndipo isonge mbele. Nilimkabidhi kwa mikono miwili. Akasema, "Nitaishughulikia, dada."

Wiki tatu zikapita. Akaja mtaalamu wa kompyuta kutoka Mtwara, bwana mmoja mpole aliyekuwa akizungukia ofisi za wilayani, akapakia programu ya kukamata virusi, akaondoka na basi la mchana. Kesho yake nilipofungua programu yangu ya barua, kisanduku chekundu kikajaa kwenye kioo: hatari, kitu hiki kinashukiwa, kizuie au kifute. Sikufuta. Kitu changu nilikuwa nakijua. Nikaenda mwenyewe kwa mkuu, kwa uaminifu wangu wa kijinga, kumwambia kwamba ulinzi mpya haujaitambua programu yetu ya siku zote, na kwamba tumpigie simu yule mtaalamu.

Alikuja, akakitazama kile kisanduku kwa muda mrefu.

"Hii uliitoa wapi?"

"Mtwara, mzee, kwa mwalimu wangu. Si unaifahamu?"

"Mimi nafahamu kazi yako," akasema. "Sifahamu ulichoingiza kwenye mashine ya serikali."

Akaniagiza nikichape kile kisanduku kama kilivyo. Nikakichapa. Karatasi ikapigwa mhuri wa SIRI, ikapewa namba ya ukurasa, ikatiwa kwenye jalada langu la utumishi. Kisha akanisomea neno kwa neno barua ya kunitaka nieleze ndani ya siku saba kwa nini nisichukuliwe hatua za nidhamu. Hiyo ndiyo barua niliyoichapa vizuri.

Masjala, chumba cha majalada, alikuwepo mama mmoja mtani wangu. Alipoipokea ile karatasi alinitazama juu ya miwani. "Nyie Wamwera hamna dogo," akasema. "Watu mmewamaliza, sasa mnaroga kompyuta." Nilicheka, maana utani ni utani. Nikamuuliza kama ikionekana sina kosa karatasi itatolewa. Hapo akaacha kutania. "Mtani, karatasi ikishapewa namba haitoki. Ukiichomoa, namba inayokosekana inakusema."

Nilijieleza kurasa mbili. Sikujibiwa. Mwezi uliofuata mtaalamu alirudi, akakaa kwenye kiti changu, akaichungulia ile programu ndani nje. "Dada, hii haina kitu," akasema. "Hizi programu za ulinzi zinashuku chochote kinachojiendesha chenyewe. Ni kama mbwa mgeni, anambwekea mpaka mwenye nyumba." Akabonyeza mahali, kisanduku chekundu kikatoweka na hakikurudi tena. Aliandika kwa mkono wake kwamba programu ni salama, akampa mkuu. Mkuu akasema vizuri sana, akaikunja ile karatasi, akaitia mfuko wa shati. Masjala haikufika.

Kuna jambo lililopaswa kunifumbua macho, nami sikuliona. Mwezi mzima ule, kisanduku kikiwa bado kinawaka, mkuu hakunikataza kuitumia ile programu hata mara moja. Kila barua za vijiji zilipodaiwa alikuja kuniambia, "Iruhusu iendelee, watendaji wanasubiri." Kitu cha hatari kiasi cha kuandikiwa barua ya siri, na bado anakihimiza. Mtu mwenye akili zake angejiuliza. Mimi nilikuwa na shughuli ya kuona aibu.

Nilipothubutu kuulizia uhamisho, alishusha sauti kama mtu anayeomboleza. "Kwa hali ya jalada lako, dada, nikiituma hiyo barua Nachingwea watauliza maswali. Acha ipoe kwanza." Nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru, na nikatoka kinyumenyume.

Ikapoa miaka miwili na ushee. Nilikuwa nakwenda Marambo kila barabara iliponiruhusu. Safari za kwanza mama aliniona tangu kwenye mikorosho akaanza kunicheka kwa namna ninavyotembea kama mjini. Baadaye akawa anatambua rangi ya kitenge tu. Baadaye tena nikawa nafika mpaka mbele yake, naye anauliza ni nani huyo. Alikataa kuacha kupika. Alinichemshia ming'oko, vile viazi vya porini, kwa kupapasa, na mikono yake ilikuwa na makovu ya moto mapya na ya zamani. Nilitaka kumwambia aache, lakini ningemwambia nini, wakati mimi ndiye sipo?

"Umeiba?" aliniuliza siku moja, kwa Kimwera, akiwa ameinamisha kichwa.

"Hapana, mama."

"Sasa kwa nini hawakuachii?"

Nikasema kuna karatasi. Hakuuliza karatasi gani, na mimi niliona amejiandaa kunisamehe kosa ambalo sikulifanya. Hilo liliniuma kuliko yote.

Kisha mkuu akahamishwa. Uhamisho wake yeye ulichukua wiki mbili. Akaja mkuu mpya, mwanamke wa maneno machache. Nilimpelekea maombi mapya, akayasoma, akatia saini siku ileile. Aliuliza swali moja tu, nani ataendesha programu ya barua. Nikamfundisha mwenzangu wa chumba cha pili. Zilitosha siku mbili.

Jalada la mtumishi hufungwa na kutumwa kituo kipya, na mwenyewe haruhusiwi kulisoma. Mtani wangu aliliweka mezani mbele yangu. "Nakwenda kunywa chai," akasema. "Sijaona kitu." Akanifungia kwa nje.

Nilifungua nikitafuta kile kisanduku changu, nikakikuta kimefifia, ule wekundu ulitoka mweusi kwenye printa yetu. Hakukuwa na adhabu iliyoandikwa popote. Hakuna aliyewahi kuendeleza lile shauri. Nikarudi nyuma kurasa chache, nikakutana na barua yangu ya kwanza ya kuomba uhamisho, ile niliyomkabidhi kwa mikono miwili. Haikuwa imetoka nje ya ofisi. Pembeni, kwa wino mwekundu, mkuu aliandika: Isitumwe. Ni yeye pekee anayeimudu programu ya barua. Chini yake aliweka tarehe, na tarehe ilikuwa ya siku ileile niliyompa, wiki tatu kabla mtaalamu hajakanyaga Ruangwa. Alishaamua. Alichokosa ni cha kuniambia, na kile kisanduku chekundu kikamletea, tena kupitia mdomo wangu mwenyewe.

Sikuchomoa kitu. Nililifunga jalada nikasubiri nifunguliwe.

Nilipomfuata mama Marambo kumchukua, nilimkuta amekaa ndani anachambua choroko kwa vidole. Nikamwambia nimejua walichonizuilia. Akauliza nini. Nikavua viatu pale mlangoni.

"Nilikuwa naijua kazi, mama. Hakuna kingine."

Vidole vyake vikaendelea na choroko. Nikaja peku, taratibu, nikakaa mkekani ubavuni pake.

"Si ungeifanya vibaya tu, mwanangu," akasema. Alisema hivyo uso ameuelekeza mlangoni, akidhani bado nimesimama pale.