Kapteni wa Kiti cha Nyuma

Ukifika Kiirua uulizie nyumba ya Kapteni, hakuna atakayekuuliza kapteni yupi. Ni mmoja tu, Mwongera, mwana wa Ciakuthii, na ukisahau atakukumbusha mwenyewe. Shati lake la milia minne mabegani alilivaa hata akienda dukani kununua chumvi. Kanisani alikaa mwisho wa benchi, upande wa njia, ili bega moja angalau lionekane vizuri.

Simsemi vibaya. Kusomea urubani si mchezo, na kijiji kizima kilijinyima ili asome. Mwaka ule watu waling'oa viazi vingali vidogo wakauza, na mama yake akaachana na ng'ombe wake mweusi wa maziwa, akanywa chai ya rangi miaka na miaka bila kunung'unika. Ahadi ilikuwa moja tu. Siku Mwongera atakapompandisha mama ndege na kuiendesha kwa mikono yake mwenyewe, mama atamtemea mate viganjani.

Msicheke. Huko kwetu Meru mzee akikutemea mate kidogo viganjani amekubariki, na baraka hiyo haitolewi ovyo. Hupewa mikono iliyofanya kazi, tena baada ya kazi kwisha. Mchungaji huangalia kando kidogo, halafu anaitikia amina pamoja na wengine. Wadogo zake Mwongera walikuwa wameshabarikiwa, mmoja kwa kumchimbia mama kisima, mwingine kwa kumuuguza. Yeye kifungua mimba, na milia yake yote, bado. Jambo hilo lilimkera kuliko alivyopenda kukiri.

Basi korona ikaja. Shirika lao lilikuwa dogo, la ndege za mapangaboi, na likawarudisha nyumbani nusu ya marubani bila mshahara, eti mpaka hali itengemae. Mwongera alibaki. Njue wa Embu, aliyesoma naye, wakalala chumba kimoja na kuazimana tai moja wakienda mtihani, alirudishwa.

Marubani wote wakakutana, waliobaki na waliorudishwa. Wakakubaliana kwamba hakuna kugusa safari za ziada hadi wenzao waitwe kazini. Shirika likikosa wa kuzirusha ndege, litawaita, litake lisitake. Aliyeinua mkono wa kwanza kuunga mkono alikuwa nani? Mwongera. Aliyeomba sala ya kufunga mkutano? Mwongera, na katika sala hiyo akamtaja Njue kwa jina, na Wamuyu mkewe, hata Njue akapangusa machozi. Kisha mtu wa Mungu akatoka nje, akaingia garini, na kabla hajafunga mkanda akampigia simu Rwamba, mama anayepanga safari ofisini.

"Rwamba dada yangu, kukitokea cha ziada, usinisahau."

Safari za ziada zililipwa mara mbili, na Rwamba hakumsahau. Lo, yule mtu alikula! Alikula Lodwar, akala Wajir, akala Juba, akala sikukuu za watu na Jumapili za Bwana. Kwenye kundi la WhatsApp la marubani aliandika "Tuko pamoja, ndugu zangu", akaweka na viganja vya kuomba, huku yuko Juba anangoja ndege ijazwe mafuta. Kiirua nako akainua nyumba ya ghorofa. Mama yake alikataa kuhamia humo kwa sababu hakuona moshi wa jikoni ungetokea wapi.

Njue alimpigia mara moja tu.

"Mwongera, hebu pumzika kidogo. Ukikataa hata safari chache, wataniita."

"Njue bwana, na mimi nina majukumu. Nikikataa mimi, si atachukua mwingine?"

"Mwingine nani? Wengine wote wamekataa."

"Tuombeane tu, ndugu yangu," Mwongera akasema, na mtandao ukawa mbaya ghafla.

Huko Embu, Njue alikuwa akiuza mayai. Akauza na gari, apate kulipia mazoezi kwenye mtambo wa kuigiza ndege ili leseni yake isife, na majirani wakasema korona imemuingia kichwani. Mtu hana ndege, analipa ili akae kwenye ndege ya uongo!

Sasa, kuna kitu kila rubani anakijua kama anavyojua jina la mama yake. Sheria imeweka kikomo cha saa ambazo mtu anaruhusiwa kuruka kwa mwaka. Ukizimaliza unakaa chini, uwe nani, ulie usilie. Rwamba alimwonya mapema.

"Kapteni, unakimbia sana. Saa zako zinaisha."

"Zitatosha," akajibu, akachukua na Mogadishu.

Ilipokaribia Desemba ya mwaka wa pili wa korona, akina mama wa kanisa la Kiirua wakawa tayari kwa safari yao. Walikuwa wakichangia tangu zamani, wakakodi ndege nzima ya kutoka Isiolo hadi Mombasa, kwenye mkutano wao. Mwongera ndiye aliyewapangia, na Jumapili akashika kipaza sauti kanisani akatangaza, "Mimi mwenyewe, mtoto wenu, nitawabeba kwa mikono hii!" Vigelegele vikapasua mabati. Ciakuthii alilia mpaka akashikwa mabega. Baraka ilikuwa imefika mlangoni, imebaki kupiga hodi.

Juma lenyewe la safari, Rwamba akapiga simu.

"Kapteni, pole. Umefika kikomo. Huruki tena mwaka huu."

"Rwamba, hiyo ni Isiolo na Mombasa tu! Ni mama yangu!"

"Hata akiwa malaika. Sheria ni sheria. Na hakuna mwingine aliye huru, kwa hivyo tumemwita Njue, leseni yake ingali hai."

Mtu mwenye haya angeenda kwa mama yake akasema ukweli. Mwongera alipiga pasi shati. Alipiga pasi na suruali, akang'arisha viatu, akampigia Njue kwa sauti ya asali.

"Ndugu yangu, nifanyie heshima moja. Mimi nisimame mlangoni nipokee akina mama, halafu nikae nyuma kabisa, kile kiti cha karibu na choo. Tukitua, nishuke wa kwanza. Wewe ubaki huko mbele kidogo, usijitangaze."

"Sitajitangaza," Njue akasema. "Lakini wakiniuliza, sitadanganya."

Siku ikafika. Pale Isiolo Mwongera alisimama chini ya ngazi, milia inang'aa, akamsalimia kila mama kwa mikono miwili. Akina mama walikuwa na vitambaa vyao vya kanisa na mifuko ya viazi vya Kiirua, zawadi kwa wenyeji wa pwani. Ciakuthii alipanda mwisho, akakalishwa mbele kabisa. Mlango wa ndege hiyo uko nyuma, kwa hivyo kapteni wetu alichofanya ni kuingia, kuvuta pazia la wahudumu, na kukaa. Ndege ikanguruma, ikapaa. Wimbo ukaanza. Mwongera alifumba macho huko nyuma, akajiona tayari amenyoosha viganja.

Alisahau jambo moja tu. Akina mama walikuwa wamekunywa chai nyingi asubuhi ile.

Wa kwanza kwenda choo alikuwa Cicily, shangazi yake. Akafungua pazia. Akamwona kapteni, na milia yake minne, amekaa amefunga mkanda, kofia mapajani, mawingu yanapita dirishani.

"Woi!" Cicily akapiga ukemi. "Woi, tumekwisha! Mwongera yuko huku!"

Wimbo ukakatika. "Nani anaendesha?"

"Hakuna mtu!"

Jamani, hapo ndipo ungeona imani. Mmoja aliomba kwa Kimeru, mwingine kwa Kiswahili, mwenyekiti wao akajaribu kufungua kinywa asikumbuke Zaburi hata moja. Watatu walimvuta Mwongera kwa mikono na tai. "Rudi mbele! Rudi mbele, wewe, unataka kutuua?" Naye akawa anasema, "Tulieni, mama zangu, tulieni," mtu ambaye mwenyewe alitamani sakafu ipasuke.

Mhudumu akakimbilia simu ya ndani. Sauti ikatoka juu, ya taratibu.

"Akina mama, msiogope. Ndege iko na rubani, na msaidizi wake yuko hapa. Mimi naitwa Njue, mtu wa Embu. Tutatua salama."

Wakatulia, wakarudi kwenye viti mmoja mmoja. Ila Ciakuthii hakukaa tena sawa. Aligeuka akamtazama mwanawe hadi Mombasa.

Ndege ilitua polepole mpaka bibi mmoja akauliza kama wameshafika. Hakuna aliyeshuka akaondoka. Wote walisimama kwenye lami, juani, wakamzunguka Ciakuthii. Njue aliposhuka, shati limelegea kwa kukonda, mama akamnyooshea Mwongera kidole.

"Wewe. Kwa nini hukuendesha?"

"Mama, saa zangu zimeisha. Kuna sheria."

"Zimeishia wapi?"

"Kazini. Nilifanya kazi sana mwaka huu."

"Na huyu alikuwa wapi, wakati unafanya sana?"

Mwongera akatazama viatu vyake vilivyong'arishwa. "Nyumbani."

"Mgonjwa?"

"Hapana, mama."

"Alikuwa anafanya nini nyumbani?"

Njue ndiye aliyejibu. "Nilikuwa nauza mayai, mama."

Ciakuthii hakusoma, lakini maisha yake yote amelima katika kikundi cha akina mama wa zamu. Leo wanapalilia viazi vya huyu, kesho vya yule, na mwenye kuruka zamu ya mwenziwe hutolewa kikundini hata kama ni dada wa tumbo moja. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Akina mama wote pale hawakuhitaji kuelezwa.

"Lete mikono," akamwambia Njue.

Njue akasita, akamtazama Mwongera, kisha akanyoosha viganja. Kikongwe akavitemea, puu, puu, akavifumba kwa mikono yake miwili na kusema maneno ya Kimeru ambayo mtu wa Embu aliyaelewa vizuri sana, kwa maana alianza kulia. Akina mama wakaitikia. Mchungaji hakuwepo, kwa hivyo hakuna aliyeangalia kando.

Mwongera alisogea. Kwa kweli mtu huyu hakuwa na aibu, au labda kwa mara ya kwanza alikuwa amekuwa mtoto. Akanyoosha viganja vyake pia, vyote viwili, mbele ya kila mtu.

Mama yake akavitazama kwa muda. Kisha akainama, akaokota mfuko wake wa viazi, akamwekea viganjani aubebe.