Povu ya Sabuni ku Tiyo ya Gazi

Gazi ya kwetu inatoka mu mavi ya nguruwe. Binti yangu wa mwisho, mujane, njo alianzisha ile kazi huku Butembo, kisha vita kumukimbiza kutoka ku shamba yake ya kakao upande wa Beni. Alichimbisha shimo kubwa pembeni ya kiraro ya nguruwe, bakaifunika muzuri, na tiyo za kupitisha gazi zikapita chini ya udongo mupaka mu majiko ya majirani. Kila jirani analipa ku mwisho wa mwezi. Ile shimo ikikufa, binti yangu hana kintu ingine, na mimi koko na bajukuu tunakula ku mukono yake.

Majina ya bote baliingia mu ile kazi niko nayo kichwani, hata ya bazazi babo. Mais tunakutana nabo ku misa kila siku ya Mungu, donc nabaacha bila majina.

Fundi mwenye alitujengea alitoka Beni, kartie ya Bungulu. Siku ya kuwasha mara ya kwanza alituita bote.

– Hii gazi na ile inatoka mu visima vya petroli ni ndugu, alisema. Inaitwa metane. Ikitoka bila kuungua, inapotea bure na inaharibu hewa. Ikijaa mu nyumba ya kufungwa na moto ikaingia, nyumba inaenda nayo.

Akatupatia sheria. Kila juma mutu apite na povu ya sabuni mu kikombe, apake ku maungo ya tiyo. Povu ikivimba, gazi inatoka pale: robine, ile ya kukata gazi, inafungwa mupaka tiyo itengenezwe. Na mu nyumba ya kupikia na gazi, hapana kuingiza makala yenye kuwaka.

Ile ya mwisho njo ilichoma batu roho. Kwetu, asubui mama anakuja na kipande ya chungu kuomba moto kwa jirani. Anapewa makala kidogo, anaenda kuwasha mbabula, jiko yake ya makala. Ukikosa moto ya kupatia mwenzako, banasema umeanza kiburi. Jirani wa chini, mwenye anauzisha maharagi ya kupikwa, aliniambia:

– Koko, gazi yenu iko na amri mingi kuliko kanisa!

Na robine ikifungwa, huyo naye, kazi yake inalala. Alikuwa anakuja kutulilia ku mulango.

Sasa shemeji ya binti yangu, mudogo wa marehemu bwana yake, alikuwa ameweka nguruwe zake mu ile kazi. Siku moja akaingia na furaha. Alisikia ku radio kama kule inchi za mbali bakubwa banataka kulegeza sheria ya metane, ili makampuni ya petroli na gazi yafanye kazi bila kusumbuliwa.

– Unaona, shemeji? Bale na mali yao yote banalegeza. Sisi na mavi yetu tunakaza juu ya nini?

– Na ile gazi inatoka, nani anailipa? mimi nikamuuliza.

– Mama, nguruwe banakunya kila siku! Ikitoka kidogo, ingine inakuja.

Binti yangu aliniangalia, akaangalia chini. Aliogopa kupoteza batu. Akakubali: povu ingoje mupaka mutu alalamike.

Mwanzoni, furaha tupu. Shemeji alikuwa anasalimiwa mu njia kama chef de quartier, mukubwa wa mutaa. Majiko mapya yakaingia. Kisha moto ikaanza kulala. Maharagi inakaa ku moto tangu asubui, inabakia ngumu kama majiwe. Shemeji akazidisha chakula ya nguruwe, akamwaga mavi zaidi mu shimo. Bure. Majirani bakarudilia makala, moja moja. Binti yangu alikuwa anasimama ku mulango asubui, anatazama moshi ya mbabula inapanda kwa batu, na pale alikuwa anajua nani ametuacha. Chakula yake alikuwa anawekea batoto.

Siku moja ya mvua nikashuka kwa muuza maharagi kumuomba chumvi. Jiko yake ilikuwa ya kufungwa, dirisha pia, juu ya mvua. Nikasukuma mulango. Harufu ya gazi, kama mayayi ya kuoza, ikanipiga ku pua. Robine wazi, chungu ku jiko, moto hakuna: ilijizimikia yenyewe. Nikageuka, na yeye huyo anavuka kiwanja, anatoka kuomba moto, kipande ya chungu mukononi, makala nyekundu ndani, jani ya ndizi juu yake.

– Simama pale!

– Koko, mvua itanizimia makala!

– Izimike!

Akacheka, akaendelea kuja. Miguu yangu ni ya uzee, singeweza kumukimbilia. Nikavuta mulango, nikaweka mugongo juu yake. Alipofika karibu aliona uso yangu, kisha harufu ikamufikia. Kipande ikaanguka mu matope, makala ikalia tsss.

Binti yangu akakuja mbio, akafunga robine ya kule ku shimo. Tukangoja harufu itoke mu jiko, kisha akafungua robine kidogo na kupaka povu ku tiyo. Ikavimba kama koo ya chura. Tukaenda jiko kwa jiko: kule pia, na kule pia.

– Shemeji, binti alisema, tulilegeza ili tuuzishe mingi. Kumbe tulikuwa tunalisha nguruwe, na gazi inaenda na upepo.

Shemeji akakuna kichwa.

– Bon. Niite fundi?

– Umuite leo.

Fundi akarudi, akakaza maungo yote. Binti akapita kwa kila mutu: povu inarudi, mwenye hataki tunamufungia. Bamoja bakakataa, bakaenda, na ile ilimuuma. Muuza maharagi yeye akasema:

– Sitawasha. Uwashe weye.

Majirani bakasimama mbali mu kiwanja, bajukuu pamoja nabo. Nikaingia na binti yangu mu jiko ya muuza maharagi. Dirisha wazi, harufu hakuna. Kibiriti ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikashika. Moto ikapanda bluu, wima, na sauti yake.

– Koko! Muko bazima? muuza maharagi akaita kule inje.

– Lete maharagi, binti akajibu.

Akaingia polepole, chungu ku kichwa, kikombe ya povu mukononi. Alipaka kwanza ku tiyo, akachuchumaa, akaangalia murefu kama inavimba. Kisha njo akatua chungu.