Vidudu Vyangu Kwenye Friji ya Bia

Mimi ni mwalimu, tena mwenyekiti wa kamati ya kupinga ulevi parokiani, na kila asubuhi nilikuwa nikiingia baa ya Mama Ndunguru kwa mlango wa nyuma. Nisikilizeni kwanza.

Nina vidonda vya utumbo mpana. Vikiamka, naharisha damu. Daktari wa Songea, pamoja na dawa nyingine, aliniandikia vidonge vya bakteria wazuri, wanaotaka kukaa kwenye baridi. Tangu wanunuzi binafsi wa kahawa waingie Mbinga, mtaani kwetu maendeleo yamekuja kwa fujo: redio kila nyumba, friji moja, na hiyo moja ni ya baa.

Wambeya wakaniona. Mwenye akili angesema ukweli. Mimi, kwa hekima yangu, nikaona heri niitwe mlevi kuliko watu kujua habari za choo changu.

Katibu wangu akanishtaki. Mbele ya halmashauri ya walei, nilikuwa nimeshainamisha kichwa kutubu bia nisizokunywa, Mama Ndunguru akaingia na kichupa changu mkononi.

“Baba Paroko, mnamwonea Mwalimu. Huyu hanywi, anaharisha damu. Vidudu vyake vya tumbo hivi hapa, namtunzia mimi.”

Katibu akashika tumbo.

“Vidudu? Kwenye friji ile ile ya bia zetu?”

Paroko akamgeukia yeye. Ningebaki nifaidi, lakini tumbo langu likaita hapo hapo, na halmashauri nzima ikasimama kunipisha mlangoni.