Bolti ya Bunduki ya Babu

Mafuta ya cherehani hunitia hasira. Juzi nilipeleka cherehani yangu kwa fundi mmoja wa Al Qusais, hapa Dubai. Akafungua kifuniko, akadondosha mafuta kwenye vyuma, na harufu ile ikapanda, tamu kidogo, nzito, ya kung'ang'ania kooni. Nilikunja uso mpaka fundi akaniuliza kama kuna kitu ameharibu. Nikamwambia hapana, aendelee na kazi yake. Ningemwelezaje mtu nisiyemjua kwamba ile ndiyo harufu ya majlis yetu, sebule ya wageni kule Rashidiya, kila Ijumaa baada ya chakula, Baba anapotandika shuka jeupe juu ya zulia na kuzilaza bunduki zake moja moja?

Nyinyi nitawaeleza, maana ukimwambia mtu umekulia kwenye nyumba ya bunduki anadhani baba yako alikuwa jambazi. Baba alikuwa mtu wa ofisini, mwembamba, mwenye miwani, anayekwepa hata paka wa jirani. Hakuwahi kuwinda hata kwale. Alikusanya bunduki za kuwindia za zamani, zote na vibali vyake, ndani ya kabati la chuma ambalo ufunguo wake ulining'inia shingoni mwake hata akiwa msalani. Dada Prossy, Mganda aliyetusaidia kazi za nyumbani, alikataa katakata kuingia chumba chenye kabati hilo na ufagio. "Mimi madam jikoni nafagia, vyumba nafagia," alimwambia Mama. "Kwa mabunduki mtafagia wenyewe." Mama alicheka, akafagia mwenyewe.

Kupiga bunduki hakukumvutia Baba hata kidogo. Kilichomkosesha usingizi ni kutambua. Alipenda zile za Kijerumani za kabla ya vita vikuu vya kwanza, na alijua namna zilivyobadilika. Za mwanzo zilivikwa mti mpaka karibu na mdomo wa mtutu, za baadaye mti ukaishia katikati. Nyingine zilikuwa na vifyatulio viwili, nyingine kimoja. Pete ya mkanda mara imekazwa kwenye mti, mara kwenye mtutu. Hata bolti, kile chuma chenye mkono unachokivuta nyuma ili risasi iingie, mkono wake ulikuwa bapa katika aina moja na wa mviringo katika nyingine. Yote hayo niliyajua nikiwa na miaka tisa, na chai nilikuwa sijui kupika.

Juu ya yote kulikuwa na namba. Bunduki ilipotoka kiwandani ilipigwa namba moja kwenye mwili, kwenye mtutu na chini ya mkono wa bolti. Namba zikilingana, Baba aliiita asli, na sauti yake ililainika namna ambayo mimi na Mama tuliisikia kwa nadra. Zisipolingana, maana yake mtu alitoa chuma cha bunduki nyingine akakiunga humo. Hiyo aliisukuma kando kwa ncha za vidole, amekunja pua kama aliyekuta unywele kwenye biriani. "Imechanganywa hii," alisema. Kwa Baba hapakuwa na neno baya kuliko hilo.

Kati ya bunduki zote, moja tu haikununuliwa. Ilikuwa ya babu yangu. Babu alizaliwa Unguja lakini ujana wake aliumalizia Tabora, akiuza nguo na asali, na akiwinda. Huko alioa mke wa Kinyamwezi, akamzaa ami yangu Seif. Mke yule alipofariki, Babu alirudi Unguja akamwoa bibi yangu, akamzaa Baba. Kisha wote wakahamia Dubai na bunduki ikahama nao, kwa njia ambayo kila aliyeisimulia aliisimulia vingine. Bibi ndiye aliyemlea Ami Seif. Alimlisha, akamvisha, akamsomesha, na hakukosa siku ya kumkumbusha kwamba amemlisha, amemvisha na amemsomesha.

Uzee wa Babu ulipoanza kumchanganya, ikaonekana si salama aendelee kukaa na bunduki nzima. Akamwita Ami Seif, mtoto wake mkubwa, akaichomoa bolti kwa mkono wake mwenyewe na kumkabidhi akaitunze kwake. Bunduki yenyewe, ambayo Babu hakuwahi kumruhusu Baba kuichunguza, ikaingia kwenye kabati la Baba. Ilikuwa busara, nasema kweli. Lakini Babu akafa bila kusema nini kiungane na nini, na hapo ndipo ukorofi ulipoanza. Baba akasema bolti iletwe ilipo bunduki. Ami Seif akasema bunduki ipelekwe ilipo bolti, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Maneno yakawa maneno, wakaacha kutembeleana.

Nawaambia ukweli wangu, bunduki sikuwa na haja nayo. Mimi nilimtaka Rahma. Rahma alikuwa binti wa Ami Seif, rika langu, na kabla ya ugomvi alikuja kwetu kila Ijumaa. Tulifungana macho kwa mtandio, tukapapasa bunduki zilizolazwa kwenye shuka na kutaja aina zake kwa vidole tu, na Baba aliyekuwa hachekeshwi na kitu alicheka. Rahma alinishinda kila mara. Alikuwa na vidole virefu na ulimi mkali, na hakuna mtu niliyempenda kuliko yeye. Baada ya ugomvi nilikatazwa hata kumtaja. Miaka miwili nilicheza na ukuta. Niliwachukia wazee wote wa ukoo wetu, chuki ya kitoto isiyojificha, nikawa nawasalimia huku natazama viatu vyao.

Kisha, asubuhi ya Idi moja, kengele ya mlango ikalia, na Ami Seif akasimama kizingitini na kanzu yake iliyopigwa pasi vibaya. Nyuma yake alikuwa Rahma, amerefuka, amepakwa hina. Mkononi Ami alishika kitu kilichofungwa kwa kitambaa.

Tuliingia majlis sote. Bibi alikuwa ameketi mahali pake pembeni mwa dirisha, na buli la kahawa mbele yake. Ami akambusu kichwa. "Idi njema, mama." Bibi akaitikia kwa midomo tu. Ami akakaa chini mbele ya Baba, akafungua kitambaa. Bolti iling'aa. Miaka yote ile alikuwa akiipaka mafuta.

"Chukua, Nassor," alisema. "Khalas, yaishe. Mimi na wewe hatuna baba wawili."

Baba aliinuka. Alikwenda kwenye kabati, akatoa bunduki ya Babu na kuisukumia bolti mahali pake. Iliteleza ikaingia mpaka mwisho, ikatoa mlio mdogo mnene. Mama akapiga kigelegele. Nikaushika mkono wa Rahma, naye akaubana wangu mpaka ukauma, tukatazamana tukijua kwamba Ijumaa zetu zimerudi. Laiti mtu angefunga mapazia wakati ule. Laiti chakula kingeletwa.

Lakini Baba alikuwa mkusanyaji. Mtu mwingine angemkumbatia ndugu yake. Yeye alinyoosha mkono akachukua kioo chake cha kukuzia, akaichomoa bolti, akaupindua mkono wake kuelekea dirishani kusoma namba. Nadhani hakukusudia ubaya. Ulikuwa mwili wake tu unafanya ulichozoea kufanya, kama mwingine anavyonusa maziwa kabla ya kuyanywa. Nilimwona akisoma. Kisha akasoma namba ya kwenye mwili wa bunduki. Akarudi kwenye bolti.

"Hii siyo," alisema.

"Siyo nini?"

"Siyo yake. Namba hazilingani. Hata aina siyo, mkono huu ni wa zile za baadaye." Sauti yake ikapanda. "Ile yenyewe umeipeleka wapi, Seif?"

Siku zote alimwita kaka Seif. Hata walipogombana alisema kaka Seif hivi, kaka Seif vile. Kuliondoa neno lile mbele ya watoto kulikuwa ni kumpiga kibao.

"Hii ndiyo aliyonipa marehemu," alisema Ami polepole. "Hii hii. Sijaibadilisha."

"Umeiuza. Umeiuza kwa wale wauza bunduki wa Sharjah, ukaniletea chuma cha jalalani."

"Wallahi sijaiuza."

"Usiape kwenye nyumba yangu! Mimi nategemea kitu asli kitoke wapi, kwako wewe? Wewe mwenyewe umechanganywa!"

Mama aliweka mkono mdomoni. Nilingoja Ami Seif anyanyuke ampige Baba, na ninakiri nilitamani ampige. Hakumtazama hata kumtazama. Aligeuza shingo akamtazama Bibi. Alimtazama muda mrefu sana, jicho halipepesi, na Bibi akainamia kikombe chake, akakizungusha kahawa itulie, akanywa. Nilidhani Ami anamwomba radhi kwa kuharibu Idi. Nilidhani ni adabu tu ya mtoto kwa mama.

Kisha akasema, "Haya. Rahma, yalla, twende." Bolti akaiacha juu ya zulia. Rahma aliutoa mkono wake kwenye wangu, na hakugeuka nyuma. Dada Prossy alikuwa anaingia na sinia la maandazi, ikabidi ajibane ukutani wapite.

Baba aliirudisha bolti ndani ya bunduki kwa kuwa hakuwa na nyingine, akaifungia kikaratasi kwa uzi, amekiandika kwa herufi kubwa: SI YAKE. Miaka iliyofuata aliitafuta bolti ya kweli. Aliwapigia watu simu Muscat, akawakera wafanyabiashara wa Sharjah, akatazama picha za minada mpaka macho yakazidi kuharibika. Wala hakuipata. Ami Seif alipofariki, Baba alikwenda kumsalia, akasimama safu ya nyuma, akarudi nyumbani akaketi mbele ya kabati bila kulifungua. Mimi nilishakuwa msichana mkubwa. Nilimwona, na sikumwonea huruma.

Mwaka jana Bibi aliugua, nikawa mimi ndiye ninayekaa naye. Mchana mmoja, namkata kucha, akaanza kuzungumza habari za Tabora, mahali asipowahi hata kukanyaga, kwa namna Babu alivyomsimulia. Alisema Babu alivuka mto wa mafuriko, bolti ikamponyoka ikazama. Bunduki ikawa gongo. Baba wa yule mke wa Kinyamwezi alikuwa mwindaji, naye alikuwa na bunduki ya Kijerumani iliyooza mtutu. Akaichomoa bolti yake, akaipiga tupa ikae sawa, akampa mkwewe. Tangu hapo kila mnyama aliyeliwa nyumbani kwa Babu alipigwa kwa bolti ya mzee yule.

Mkasi ulinisimama mkononi. "Kwa hiyo Ami Seif hakubadilisha kitu."

"Abadilishe nini? Ilikuwa ya babu yake mzaa mama."

"Na siku ile ya Idi ulikuwa umekaa pale pale, Bibi. Mbona hukusema?"

Alinitazama kama niliyeuliza ujinga. "Niseme nini, Salha? Kwamba bunduki ya mume wangu inalia kwa chuma cha kwao? Mwanangu ana bunduki ya baba yake, basi. Tena hakuna aliyeniuliza. Kata huo ukucha wa gumba, unanikwaruza."

Niliukata. Nilimwogesha, nikamvisha, nikamlaza, na kila nilipomgusa mikono yangu iliona uzito. Jioni nilimweleza Baba. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema, "Mama yangu hawezi kufanya jambo hilo." Kikaratasi bado kipo kwenye bolti.

Basi nikamtafuta Rahma. Niliambiwa anafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Al Mankhool, nikaenda bila kupiga simu. Nilimjua kwa vidole, virefu vile vile, vinapekua kitu kwenye kompyuta. Alinijua pia. Niliona alivyonijua, halafu nikaona anavyouweka sawa uso wake.

"Karibu, madam," alisema.

Nilimmwagia yote pale pale nikiwa nimesimama, mto, mzee mwindaji, tupa, Bibi na kahawa yake. Nilidhani nimemletea kitu. Nilidhani atalia, nami nilie, na tutoke tukakae mahali.

Rahma alingoja nimalize. "Baba yangu alikuwa anajua," alisema. "Anajua tangu mwanzo. Marehemu babu alimwambia siku anampa. Ndiyo maana alimpa yeye."

"Mbona hakusema basi?"

"Aseme yeye? Nani pale kwenu angemwamini?" Sauti yake ilikuwa tulivu, ya kazini. "Alikuwa anamngoja bibi yako aseme. Mpaka tunafika kwenye gari alikuwa anangoja. Alikaa ndani ya gari mbele ya nyumba yenu hajawasha injini, akiutazama mlango."

Mimi siku ile nilikuwa nyuma ya mlango huo huo, nalia kwa sababu Rahma hakugeuka. Sikujua kwamba nje kuna mtu mzima anayengoja ufunguliwe.

Simu ya mezani ikalia. Rahma akaweka mkono juu yake, akanitazama.

"Kuna lingine, madam?"