Pumzi ya Nesi wa Maganzo

Nesi wa zahanati yetu ya Maganzo alikuwa mtu wa pwani, akiishi peke yake katika chumba cha nyuma. Kabla ya kumshika mtoto alisugua viganja vyake mpaka vipate joto. Jioni alikaa mlangoni na redio yake, kaifungulia sauti ya chini. Sisi tulimsalimia tukipita, wala hatukusimama.

Wakati wa mvua za mwaka sabini na nane, Chiku, binti mdogo wa jirani yangu Mwanaima, alitumbukia kwenye shimo la wachimba almasi lililojaa maji. Walipomtoa hakuwa akipumua, na moyo ulikuwa kimya. Nesi alifika mbio, akapiga magoti topeni, akawa anakikandamiza kifua cha mtoto kwa kiganja kimoja, kisha anampulizia pumzi mdomoni, kisha anakandamiza tena.

"Mwache, dada, amekwisha kufa," mchimbaji mmoja alisema.

"Bado," alijibu bila kuinua kichwa.

Aliendelea bila kupumzika. Ghafla Chiku akatapika maji, akalia. Mwanaima alimnyakua mwanawe, watu wakapanda nao lori la mchanga kwa vifijo, likaondoka kuelekea hospitali. Nami niliwasindikiza mpaka barabarani; niliporudi shimoni kuchukua baiskeli yangu, nilimkuta nesi angali amepiga magoti, midomo imejaa tope.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Bado analia?"

"Analia kwa nguvu."

"Vizuri," alisema, akiitazama barabara iliyobaki tupu. Kisha, kwa sauti ya chini, akaniuliza mtoto yule anaitwa nani.