Jumba la Mwairishi Halishiki Moto

Kama umekuja kucheka, cheka sasa umalize, maana nikianza sitaki mtu aniambie ati niliota. Sikuota. Ulikuwa mchana, mvua inanyesha, na akili zangu nilikuwa nazo zote.

Mume wangu, Baba Nekesa, aliuza shamba letu la Chwele, shamba nililolima kwa mikono hii, akanunua jumba la zamani nje ya Kitale. Lilijengwa na mlowezi Mwairishi. Wazee wa pale wanasema ukoo wake ulikuwa na jumba kama hilo huko kwao Ayalandi, na ardhi kubwa waliyowakodisha maskini. Ukichelewesha kodi, unatupwa nje na watoto wako. Maskini wakachoka, wakalichoma lile jumba. Sasa yeye alipofika hapa alifanya nini? Akajenga lingine lile lile, madirisha marefu, ngazi za mawe, kengele za kuitia watumishi, halafu akaanza kufukuza watu wetu vile vile. Mtu amechomewa nyumba na bado hajajifunza!

Baba Nekesa alitaka kulifanya mahali pa harusi. Sawa. Lakini bana, lile jumba lilimwingia kichwani. Hatujakaa hata mwezi, akaanza kugonga kengele nimpelekee chai. Mimi! Mama ya watoto wake! Nilivumilia kwa sababu shamba lilikuwa limeshauzwa, na kila kitu chetu kilikuwa ndani ya hizo kuta.

Siku hiyo gesi ilikuwa imeisha, nikawa napikia kwenye meko ya ukutani, pale sebuleni. Ilijengwa kwa mawe mazuri ya kuchongwa, ila chini kulikuwa na mawe matatu meusi ya mviringo yasiyofanana na mengine. Nikasikia hodi. Mlangoni alisimama kikongwe, ameshika kigae cha chungu.

"Mwanangu, naomba moto."

Siku hizi nani anaomba moto? Lakini kwetu Bungoma jirani akiomba moto humnyimi, hata kama mmegombana. "Karibu, kukhu," nikamwambia, vile tunavyowaita nyanya zetu. Alipopita karibu yangu nikashtuka. Mvua yote ile, na nguo zake kavu! Alinuka nyasi za paa zilizoungua. Niamini, nywele zilinisimama. Nikainama tu, nikamjazia kigae makaa.

Baba Nekesa akatokea. "Nani amemfungulia huyu skwota?"

"Si ni nyanya tu, anaomba moto."

"Leo moto, kesho shamba! Hapa kuna taito, hati ina jina langu!" Akakipiga kile kigae teke, makaa yakasambaa sakafuni.

Yule mama hata hakupaza sauti. "Mwairishi alinichomea nyumba nikiwa ndani, kwa sababu nilikataa kuhama," akasema. "Mafiga yangu akayajenga hapo, awe anapasha miguu. Nilikuja kuona kama mtu wetu ana moyo tofauti. Umeninyima moto. Na wewe, moto hautawaka kwako."

Hakuelekea mlangoni. Aliingia mekoni, ameinama kama mtu anayeingia nyumbani kwake, na moto ukazima. Mimi mwenyewe nilipapasa mle ndani. Hapakuwa na mtu, na yale mawe matatu, niliyokuwa napikia sasa hivi, yalikuwa baridi kama ya mtoni.

Tulileta gesi mpya, ikazima. Jiko la makaa, likazima. Mchungaji akaja na maombi, kiberiti kikaisha chote akijaribu kuwasha mshumaa mmoja. Harusi ya kwanza wageni walisubiri mbele ya sufuria za mchele mbichi mpaka wakatutukana. Nikamwambia mume wangu abomoe ile meko, tutoe mawe ya mama wa watu, tuyazike kwa heshima. Akakataa. Ati bila meko hiyo jumba litakuwa nyumba tu. Nikachukua watoto, nikaja Tongaren kwa dadangu.

Unaniuliza kama namhurumia? Hata chembe! Anakula mkate mkavu kwenye lile jumba lake, na mimi nafurahi, Mungu anisamehe. Yule mama alichomwa, nani alimlipia? Na wewe unayenunua majumba ya walowezi, usiulize taito peke yake. Uliza ni nani alikuwa anapika hapo kabla yao. Na akija kuomba moto, tafadhali, mpe.

Juzi Baba Nekesa alinipigia simu. "Mama Nekesa, rudi. Hata ladha ya chai nimesahau."

"Umebomoa?"

"Lakini ule ukuta wa meko ndio watu huja kuona."

"Basi kula ukuta," nikamwambia. Nikakata simu, nikarudi kusonga ugali wangu.