Mama Breki Auza Gari Lake

Mtaa mzima unamwita mke wangu Mama Breki, na anayedhani anachukia jina hilo hamjui. Alipewa na watoto wa chekechea aliokuwa akiwapeleka shule asubuhi na kuwarudisha mchana, miaka nenda miaka rudi. Kuku akikatiza barabara, breki. Jani likipeperuka, breki. Watoto waliokuwa wakimcheka kwenye kiti cha nyuma sasa wana watoto wao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushuka kwenye gari lile na mchubuko. Mimi ni fundi cherehani, gari sijui hata kulirudisha nyuma, lakini hilo nalisema kifua mbele popote ninapokaa.

Siku tuliponunua gari hilo, muuzaji alininyooshea mimi funguo. Aliona mwanamume na mwanamke wamesimama, akakata shauri mwenyewe dereva ni nani. Mke wangu alizidaka kabla hazijafika mkononi mwangu. "Huyu anashona," akamwambia. "Mwenye gari ni mimi." Kadi ya gari ikaandikwa jina lake, majina yote matatu, na sijaona karatasi aliyoipenda kama ile. Cheti chetu cha ndoa hata hajui kiko wapi.

Mwaka huu macho yakamsaliti. Daktari alisema yatatibiwa, lakini hayatarudi kuwa ya kuendeshea gari. Alirudi nyumbani, akaliosha gari kuanzia paa mpaka matairi, kisha akanijia kwenye cherehani.

"Baba watoto, naliuza. Ila halitakwenda kwa mtu likiwa bado na jina langu."

Nilidhani ni neno la uchungu tu, nikaendelea kushona. Kumbe alikuwa amemaanisha.

Watu wengi huuziana magari kama wanavyouziana viti. Muuzaji anasaini fomu ya kuhamisha umiliki, sehemu ya mnunuzi inaachwa wazi, mnapeana mikono, basi. Gari linapita mikono mitatu minne, na kadi ingali na jina la yule wa kwanza. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, alifuatwa na askari hadi sebuleni kwa ajali ya gari aliloliuza zamani mpaka akawa amesahau rangi yake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ya mwalimu ilipotea, kisha habari zake zikaja zimevaa sare.

Mke wangu hakutaka kufika huko. Alikwenda ofisi ya usajili wa magari, akatumwa dirisha hili, akarudishwa lile, akarejea nyumbani anajua kila kinachotakiwa: mkataba wa mauziano unaosainiwa mbele ya wakili, vitambulisho na picha za wote wawili, namba ya mlipakodi ya mnunuzi, kadi yenyewe ya gari, ukaguzi, na uthibitisho kwamba gari halidaiwi faini. Nikamwambia kwa mlolongo huo gari tutalizika hapa hapa uani. Akaniambia nirudi kwenye pindo zangu.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa dalali, mtu wa maneno matamu na viatu vilivyochongoka. "Mama, mambo ya maofisini ni ya watu wenye muda. Wewe saini hapa tu, mengine niachie mimi." Mke wangu akamfungulia geti, si kwa kuingia bali kwa kutoka. Wa pili aliposikia neno wakili alikumbuka ghafla kwamba ana safari. Wiki zikapita, vumbi likatanda kwenye kioo, na mimi nikawa nanung'unika waziwazi. Gari lisilotembea huoza, hata mimi nisiyejua kuendesha najua hilo.

Ndipo akaja muuguzi. Binti wa watu anafanya kazi zahanati, akitoka zamu ya usiku anarudi kwa miguu peke yake, na kwa muda mrefu alikuwa akiweka pesa benki ili hilo likome. Alifungua mlango wa gari, akasogeza kiti mbele, akakaa ameshika usukani. Mke wangu akamtazama kwa yale macho yake mabovu, akatabasamu.

Shida ni kwamba aliyezungumza hakuwa yeye. Alikuja na kaka yake, mtu mwenye heshima zake, shati jeupe, kola imekaa vizuri. Mimi huanza na kola. Kaka aliuliza injini, kaka aliuliza matairi, kaka akapatana bei. Muuguzi aliitikia kwa kichwa tu pale palipotakiwa kuitikia.

Tukaenda kwa wakili. Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la kutoa fotokopi, unapanda ngazi nyembamba, na feni inalalamika kuliko wateja. Wakili akavuta kiti, akawasha kompyuta. "Jina la mnunuzi?"

Kaka akaweka kitambulisho chake mezani. "Andika langu. Gari atatumia yeye, ila mambo ya serikali nitasimamia mimi. Huyu ana zamu zake, ataweza wapi kukimbizana na ofisi?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayembebea mwenzake mzigo. Muuguzi akainama, akawa anaangalia zipu ya mkoba wake. Wakili akaanza kuandika, na mimi nikamtazama mke wangu, maana namjua, na nilijua pia kwamba huyu akiondoka hakuna mwingine.

"Wakili, subiri kidogo," mke wangu akasema. Akamgeukia muuguzi. "Mwanangu, gari likizima usiku mvua inanyesha, nani atashuka kulisukuma?"

"Mimi, mama."

"Askari akilisimamisha, atamdai nani leseni?"

"Mimi."

"Na hizo pesa za benki?"

Hapo muuguzi alichelewa. "Zangu," akasema kwa sauti ndogo.

Kaka akacheka kidogo. "Mama, sisi ni ndugu. Baina yetu hakuna changu wala chake."

"Vizuri sana, baba. Basi hata likiandikwa lake, hujapoteza kitu."

Mke wangu akatoa funguo kwenye pochi, akaziweka katikati ya meza, akaondoa mkono. "Mimi namuuzia anayenunua. Kama ni wewe, baba, tukae tuzungumze upya, sina ubaya na wewe. Kama ni yeye, namsubiri aseme mwenyewe. Nikimsemea na mimi, nitakuwa wa pili."

Nikakumbuka zile funguo nilizonyooshewa mimi. Mke wangu alizidaka kwa sababu hakuna aliyefikiria kumuuliza. Sasa alikuwa ameziweka mahali ambapo mwenzake hana haja ya kupokonya, anyooshe mkono tu. Lakini kama asingenyoosha, tungerudi nyumbani na gari letu na vumbi lake, na yule binti angerudi kwenye njia yake ya usiku.

Muuguzi akafungua mkoba. Akatoa kitambulisho, akakilaza juu ya funguo.

"Kaka, usinielewe vibaya. Nitaomba unisindikize kila ofisi. Ila liandikwe jina langu."

Kaka akachukua kitambulisho chake, akakifuta kwa kidole gumba ingawa hakikuwa na uchafu. Akamtazama mdogo wake. "Haya," akasema. "Lakini ukipigwa faini usinipigie simu."

Sote tukacheka, wakili akiwemo. Nilijivunia mke wangu mpaka nikaona haya kutazamwa usoni, nikajifanya nakagua pazia la pale ofisini. Pindo lake lilikuwa limekwenda upande.

Ofisi ya usajili, ambako kaka alituletea gari, ilikuwa imejaa. Mkaguzi alitaka kuona namba ya chesisi, na namba imejificha chini ya grisi ya miaka. Nani alikunja mikono ya shati akaisugua? Yule kaka. Aliinuka na doa jeusi kifuani, nikamwambia alilete kwangu, najua dawa yake. Ndani, karani alitafuta faini kwenye kompyuta, akatafuta tena.

"Hata ya kuegesha vibaya hakuna?"

"Ulitaka ziwepo?" mke wangu akamjibu.

Akapewa pa kusaini. Akaisogeza karatasi mpaka karibu na pua, akaandika majina yote matatu, herufi moja moja, hakuna kukatisha. Foleni ikaguna nyuma yetu. Nikageuka nikaitazama, ikanyamaza.

Tukakaa kwenye benchi kungoja. Baadaye sauti ikatoka dirishani: "Mwenye gari!"

Wakainuka wawili. Mke wangu alikuwa ameshapiga hatua alipokumbuka. Akasimama pale katikati ya watu, mkono mmoja juu ya bega langu, kisha akajirudisha kwenye benchi taratibu. Nikaushika mkono wake, jambo ambalo mbele za watu sijalifanya tangu ujana.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Unaitwa."

Muuguzi alitung'ang'ania aturudishe nyumbani. Kaka akakaa mbele, sisi nyuma, na Mama Breki hajawahi kukaa kiti kile tangu tulinunue. Alikuwa akipapasa kitambaa chake, nilichokishona mimi baada ya watoto kumaliza kile cha zamani. Hakulia, lakini hakuwa mbali na kulia, na mimi sikuwa mbali naye.

Tulipokaribia njia panda ya kwetu, barabara ilikuwa nyeupe, hakuna gari, hakuna mtu. Mfuko wa plastiki ukapeperuka ukakatiza. Muuguzi akakanyaga breki, sote tukaenda mbele, kaka akagonga paji la uso kwenye kioo.

"Ni mfuko tu," kaka akalalamika.

"Nimeuona," muuguzi akasema. "Kwanza nihakikishe."

Mke wangu akanifinya mkono, macho yake mabovu yanang'aa.

"Baba watoto," akaninong'oneza, "gari limepata mwenyewe."